Jungu la Shule na Shamba la Jirani

Msomaji mpendwa, ukijaliwa kusimama Kebirigo asubuhi na mapema, hapo karibu na mji wa Nyamira, utaona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalistaajabii tena. Wake kwa waume hushuka kutoka vilimani na vikapu vya majani mabichi ya chai migongoni. Majani hayo hupimwa, uzito wake huandikwa, hupakiwa garini, na hupelekwa kiwandani. Baadaye chai iliyokauka husafirishwa hata Mombasa, huuzwa mnadani, na yamkini kikombe kimoja chake hunywewa Misri, kingine Pakistan, na kingine Uingereza. Mwenye shamba la nusu ekari, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, amefungamana na mnywaji aliye ng'ambo ya bahari.

Sasa geuza macho uutazame mkungu wa ndizi. Katika shamba lile lile, hatua chache tu kutoka kwenye chai, kuna migomba, mahindi, kabichi na mboga za kienyeji, kama chinsaga na managu. Mlaji wa vitu hivi hayuko ng'ambo. Yuko katika bwalo la shule ya bweni, katika wadi ya hospitali, au katika chuo kilicho juu ya kilima cha pili. Hata hivyo, katika nchi ya Kisii na Nyamira hutokea mara nyingi kwamba ndizi hupanda lori la mchuuzi kwenda Nairobi, huku kabichi na mahindi ya kuwalisha wanafunzi yakiletwa na lori jingine kutoka mbali. Malori hayo mawili hupishana njiani. Mkulima hupata kidogo, shule hulipa kingi, na tofauti yake hubaki barabarani.

Imekuwaje jani la chai lijue njia ya kwenda ng'ambo, na ndizi isijue njia ya kwenda jikoni kwa jirani? Wengine hujibu kwa haraka kwamba wakulima ni wavivu, au kwamba wakuu wa shule ni wala rushwa. Majibu ya namna hiyo ni mepesi, nayo hayatusaidii. Jibu lenye uzito limo katika historia. Katika insha hii nitamwita kila mnunuzi alishaye watu wengi kwa mara moja, kama vile jeshi, shamba kubwa la wageni, hospitali au shule, kwa jina la jungu kuu. Natutazame jinsi majungu makuu yalivyofika katika nchi hii, na ni nani aliyesimama baina ya jungu na shamba.

Kabla ya utawala wa Waingereza, Wagusii walilima wimbi kuliko nafaka nyingine yoyote. Walipopata ziada waliipeleka mpakani na kuibadilisha na jirani zao Waluo kwa mifugo, vyungu na vitu vingine ambavyo nchi ya vilima haikuvitoa kwa wingi. Kazi ya shamba ilipomzidi mtu nguvu, aliwaita majirani katika risaga, nao walikuja wakalima pamoja, kisha wakanywa pombe ya wimbi iliyoandaliwa na mwenye shamba. Palikuwa na vikundi vidogo pia, vilivyoitwa egesangio, ambavyo wanachama wake walilimiana kwa zamu. Nalitaja jambo hili kwa kusudi. Watu hawa hawakuwa wageni wa ushirikiano. Walijua kukusanya nguvu za wengi kwa ajili ya shamba la mmoja. Walakini hawakuwa na haja ya kukusanya mavuno ya wengi kwa ajili ya mnunuzi mmoja, maana mnunuzi wa namna hiyo hakuwapo. Aliyenunua alikuwa mtu wa kadiri yao, mwenye kikapu kama chao, na bei ilipatanwa uso kwa uso.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka michache baadaye mkono wa serikali ya kikoloni ulifika vilimani kwa silaha. Majeshi yalipelekwa dhidi ya Wagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na mji wa Kisii ukawa makao ya utawala. Baada ya bunduki ilikuja kodi ya kibanda, iliyolipwa kwa rupia hapo mwanzo, na kwa shilingi baadaye. Kodi hailipwi kwa wimbi wala kwa chungu. Kwa hiyo kila nyumba ililazimika kutafuta fedha, ama kwa kuuza mazao, ama kwa kuuza nguvu za vijana wake. Hapo ndipo mkulima alipoanza kumtazama mnunuzi mkubwa, si kwa tamaa ya utajiri, bali kwa hofu ya kushindwa kulipa kodi.

Jungu kuu la kwanza lilikuwa la vita. Mwaka 1914 wenyeji waliisikia Vita Kuu ya Kwanza mlangoni pao, kwa maana tarehe 12 Septemba mwaka huo Wajerumani na Waingereza walipigana katika mji wa Kisii wenyewe. Kisha serikali ilichukua vijana kwa maelfu kutoka Nyanza na sehemu nyingine wakawe wapagazi wa jeshi. Jina la Kariakor huko Nairobi, na la Kariakoo huko Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi hicho. Wapagazi walilishwa unga wa mahindi, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Miongoni mwa sababu za maradhi ya tumbo palikuwa na unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusu nusu, tena kwa watu ambao wengi wao hawakuuzoea. Twajifunza hapa kwamba jungu likiwa kubwa, na mwenye kuliagizia chakula asimjue mlimaji wala mlaji, hasara haiwi ya fedha peke yake.

Jungu la pili lilikuwa jirani zaidi. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Uingereza yalianza kupanda chai kwa wingi Kericho, nchi inayopakana na Nyamira. Maelfu ya vibarua walihitajika, na wengi walitoka Kisii. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumpa kibarua posho ya unga, na kipimo cha kawaida kilikuwa karibu ratili mbili kwa siku. Fanya hesabu, msomaji wangu. Vibarua 1,000 walihitaji ratili 2,000 kila siku, yaani magunia 10 ya ratili 200, asubuhi hata asubuhi, mwaka mzima. Wagusii waliitikia mwito wa soko. Walipanua mashamba ya mahindi meupe, na kabla ya Vita Kuu ya Pili nchi yao ilikuwa imejulikana kwa kutoa nafaka ya kuuzwa nje.

Basi kijana wa Kigusii aliyechuma chai Kericho huenda alikula unga uliotoka katika shamba la ndugu yake. Lakini ndugu hao hawakukutana katika biashara. Mama aliyevuna alijitwika mahindi yake, akaenda sokoni au dukani, na huko muuza duka, ambaye mara nyingi alikuwa Mhindi, aliyapima kwa debe au kwa mizani yake mwenyewe. Mahindi mengine yalipelekwa Kendu Bay, yakavushwa ziwa hata Kisumu kwenye reli. Mwenye duka alikuwa na vitu vitatu ambavyo mama yule hakuwa navyo: mizani, chombo cha kuchukulia mzigo, na fedha taslimu mkononi. Si haki kumwita mwenye duka mwizi kwa sababu hiyo tu, maana bila yeye mahindi yasingefika popote. Lakini ni haki kusema kwamba mwenye mizani, gari na fedha ndiye aliyeweka bei.

Serikali iliona kasoro hizo, ikajaribu kuzirekebisha kwa namna yake. Mwaka 1935 ilitunga sheria ya uuzaji wa mazao ya wenyeji, iliyotaka wanunuzi wawe na leseni na biashara ifanyike katika masoko yaliyowekwa rasmi, ili mazao yakaguliwe. Ubora ulikuwa shabaha njema. Lakini leseni zilipopunguza idadi ya wanunuzi, zilipunguza pia ushindani wao. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilichukua madaraka ya kununua na kugawa mahindi yote. Ilikataza kuyahamisha kutoka wilaya hata wilaya bila kibali. Mkulima Mwafrika alipata kwa gunia lake bei iliyo chini ya ile aliyopata mzungu mwenye shamba kubwa, kwa kuwa gharama za uchukuzi, ada na michango mbalimbali ilikatwa kabla fedha hazijamfikia. Mwaka 1943 nchi ilipatwa na njaa, hata ikaundwa tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Vizuizi vya kusafirisha mahindi viliendelea, kwa namna moja au nyingine, mpaka miaka ya 1990.

Katika miaka hiyo hiyo ya vita na baada yake palikuwa na mbegu ya jambo jipya. Sheria ya mwaka 1945 iliwafungulia Waafrika mlango wa kuunda vyama vya ushirika. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambazo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na vyama vya ushirika vya kahawa vilipata nguvu huko katika miaka ya 1950. Kisha ikaja chai. Masetla wengi walikuwa wamedai kwamba mwenye shamba dogo hawezi kutoa chai nzuri. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikwenda kinyume cha dai hilo. Mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, katika nchi ya Nyeri. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikafuatwa na Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Leo wakulima wadogo zaidi ya 600,000 huuza majani yao kwa njia hiyo, na Kebirigo ina kiwanda chake.

Tafadhali tua hapa kidogo, kwa sababu jibu la swali letu limekaribia. Mnyororo wa chai una pingu nne. Ya kwanza ni mizani iliyo karibu na shamba, ambayo mkulima huisoma kwa macho yake. Ya pili ni karatasi yenye jina lake na uzito wa majani yake, hata yakiwa kilo saba tu. Ya tatu ni gari linalokuja kuuchukua mzigo wake pamoja na wa jirani zake. Ya nne ni malipo yanayokuja kila mwezi, na malipo ya pili mwisho wa mwaka. Sisemi kwamba mnyororo huu hauna kutu. Wakulima wamelalamika mara nyingi juu ya makato na juu ya udogo wa malipo ya pili, na wengine huuza majani kwa wachuuzi ili wapate fedha siku ile ile. Lakini mnyororo upo. Chai haikufika ng'ambo kwa sababu ni zao bora kuliko ndizi. Ilifika kwa sababu watu waliijengea njia.

Mnunuzi wa ndizi, kwa upande wake, huja na jicho lake. Huutazama mkungu, huupigapiga, hutaja bei. Hakuna kilo, hakuna karatasi, hakuna tarehe. Iwapo mkulima ana haja ya karo au dawa siku hiyo, mchuuzi huijua haja hiyo usoni mwake kabla hajasema neno.

Hapo sasa tufike kwenye jungu la tatu, lililo jikoni mwa shule. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 shule za sekondari ziliongezeka sana, na wazazi wa Kisii walijenga nyingi kwa michango yao wenyewe. Shule nyingi ni za bweni. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akila gramu 300 za unga kwa siku, hutumia kilo 180, yaani magunia mawili ya kilo 90. Kwa siku 250 za masomo, hayo ni magunia 500. Sasa mtazame mkulima. Akivuna magunia 10 na kubakiza sita kwa ajili ya nyumba yake, ana manne ya kuuza. Shule ile yahitaji wakulima 125 wa namna hiyo. Mkuu wa shule hawezi kupatana bei na watu 125, wala hawezi kuandika hundi 125. Atamtafuta mtu mmoja mwenye lori. Hivyo twaona kwamba mchuuzi hazaliwi na uovu. Huzaliwa na pengo lililo baina ya magunia manne na magunia 500.

Niruhusu nitoe ushuhuda mmoja. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mama yangu mkubwa alipatana na shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, awe akipeleka ndizi za kupika kila Jumatatu. Alifurahi sana, maana bei ilikuwa karibu maradufu ya ile ya mchuuzi. Alipeleka muhula mzima bila kukosa. Kila alipoulizia malipo aliambiwa fedha hazijafika. Zilifika baada ya mihula miwili, zikiwa kamili, hakuna senti iliyopungua. Lakini wakati huo alikwisha kuuza mbuzi wake kwa sababu ya karo, na alikwisha kumrudia mchuuzi. Nilimwuliza kwa nini ameiacha bei nzuri. Alinijibu, "Mwanangu, deni la shule ni tamu masikioni, lakini halinunui chumvi."

Wakati ule nilimlaumu mhasibu wa shule moyoni mwangu. Leo nafundisha katika chuo cha ualimu, na nimewahi kukaa katika kamati ya chakula, nami nimeona upande wa pili wa ukuta. Mhasibu naye hungoja fedha za serikali zinazochelewa, na karo ambazo wazazi huleta kwa vipande. Wazazi hao ndio wakulima wale wale! Mkulima hudai shule, shule humdai mkulima, na wote wawili hungoja. Mwenye lori peke yake, aliye na akiba ya kuvumilia miezi sita, ndiye awezaye kuungoja mwisho wa mchezo, na gharama ya uvumilivu wake huiongeza katika bei.

Serikali na marafiki wa nchi wamejaribu zaidi ya mara moja kuziba pengo hili. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, ambayo watoto wa wakati ule huyakumbuka hadi leo kwa jina la maziwa ya Nyayo. Maziwa yalitoka kwa wafugaji wa nchi hii, na kwa hiyo mtoto wa darasani na ng'ombe wa jirani waliunganishwa. Lakini gharama ilikuwa kubwa, na mpango ulififia katika miaka ya 1990. Mwaka 2009 ulianza mpango mwingine katika sehemu kame. Badala ya kuletewa chakula kutoka mbali, shule zilipelekewa fedha, zikanunua chakula karibu nazo. Wazo lilikuwa zuri. Ila waliopata zabuni mara nyingi walikuwa wafanyabiashara, si wakulima, kwa sababu ile ile ya pengo.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo, kuanzia mwaka 2008, lilijaribu katika nchi 20, Kenya ikiwamo, kununua nafaka kwa vikundi vya wakulima wadogo. Mambo mawili yalidhihirika. Kwanza, wakulima wakifundishwa waweza kukausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, wakaepuka sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Pili, malipo yakichelewa, mwanachama huliacha kundi lake na kumwuzia mpita njia. Mama yangu mkubwa angaliweza kuwaambia hilo bila utafiti.

Nchi ya Brazili ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotolewa na serikali kuu zitumike kununua mazao ya wakulima wa familia, na ikaruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni ya kawaida. Kenya ina sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, ambayo huwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi, na huzitaka kaunti ziwatengee wakazi wake asilimia isiyopungua 20. Lakini angalia tofauti. Sheria yetu humtazama mwenye zabuni, kwamba ni nani na anakaa wapi. Haiulizi kabichi imelimwa wapi. Kijana wa Nyamira aweza kushinda zabuni kwa haki kabisa, kisha akainunua kabichi kaunti nyingine, na mwanamke anayelima nyuma ya ua wa shule asiuze hata kichwa kimoja.

Hata hivyo tusimwekee mkulima kiti cha mtakatifu. Jungu la shule haliwezi kungoja mvua. Wanafunzi watakula Jumatatu, kabichi ikomae au isikomae. Wapo wakulima wanaoahidi magunia 10 na kuleta matatu, kwa kuwa bei ya soko imepanda jana yake. Wapo wanaotia mahindi mabichi katikati ya gunia na makavu juu. Mpishi akiletewa mara moja gunia la namna hiyo, humkumbuka mwenye lori ambaye mahindi yake ni ghali, lakini ni makavu. Uaminifu ni mzani wenye sahani mbili, na hauwezi kulala sawa ikiwa upande mmoja tu ndio unaotia uzito.

Basi, historia hii yatufunza nini? Kwa muda wa miaka 100 na zaidi jungu kuu halikukosekana katika nchi ya Kisii, wala shamba lenye rutuba halikukosekana. Vilivyokosekana ni vile vinne vya kati: mizani, karatasi, gari la pamoja, na malipo ya tarehe. Kila alipokuwapo mtu mmoja tu mwenye vitu hivyo, awe muuza duka, serikali ya kikoloni au mwenye lori, yeye ndiye aliyeamua bei. Wakulima walipovipata wenyewe kwa umoja, kama katika chai, sauti yao ilisikika, hata kama haikusikika kama walivyotaka.

Na vitu hivi havihitaji kiwanda. Mizani moja ya kundi, daftari moja lenye majina na kilo, pikipiki au gari la kukodi mara mbili kwa wiki, na mfuko mdogo wa akiba wa kumlipa mwanachama nusu ya fedha zake mara apelekapo mzigo, vyatosha kwa mwanzo. Wazazi wenye watoto shuleni waweza kupatana na shule kwamba mazao yao yakatwe moja kwa moja katika karo, ili deni lile la pande mbili liishe bila fedha kuzunguka barabarani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tena walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hizi mbili zikiolewa pamoja, huzaa chama cha ushirika.

Wewe usomaye insha hii labda u mwanafunzi, na labda jioni hii utapanga mstari bwaloni na sahani mkononi. Nakuomba ufanye jambo moja. Mwulize mpishi, kwa adabu, kabichi hii imetoka wapi. Kisha wakati wa likizo mwulize mama yako, au jirani yako, aliuza kabichi yake kwa nani na kwa bei gani. Andika majibu hayo mawili katika ukurasa mmoja wa daftari lako, ukapime umbali ulio baina yao, si kwa maili, bali kwa shilingi na kwa siku za kungoja. Babu zako walijua kuita risaga ili shamba la mmoja lilimwe na wengi. Kazi ya kizazi chako ni kuiita tena risaga hiyo, safari hii kwenye mizani.